Carlos II wa Hispania: Mfalme Mnyonge na Deni la Wenye Nguvu

Carlos II wa Hispania anakumbukwa kwa mwili wake kuliko kwa jambo lolote alilolitenda. Simulizi juu yake huanza na taya la chini lililochomoza hata meno yasikutane, huendelea na ulimi uliojaa kinywani, maneno yasiyosikika vizuri, miguu iliyochelewa kutembea na ndoa mbili zisizo na mtoto, kisha huishia kwenye hukumu fupi: mfalme alikuwa dhaifu, ndiyo maana dola ikaanguka. Hukumu hiyo inapendwa kwa sababu inaokoa muda. Kasoro yake ni kwamba haiafikiani na mfuatano wa matukio. Dola ambayo mtoto huyu aliachiwa mwaka 1665, kabla hajatimiza miaka minne, ilikuwa imekwisha kufilisiwa mara kadhaa na wafalme wenye afya, nguvu na uzao. Katika miaka 35 ya enzi yake ilipoteza baadhi ya maeneo, ikayashikilia mengi zaidi, ikaiponya sarafu yake, na mikoa yake ya pembezoni ikaanza kupumua upya. Unyonge wa Carlos ulikuwa wa kweli na uliumiza, lakini madhara yake makubwa yalipitia mlango mmoja tu, mlango wa uzazi. Na hata hilo lisingekuwa balaa la bara zima kama Ulaya ya wakati ule isingeshikilia kwamba nchi na watu wake hurithiwa kama shamba la minazi.

Tuanze na damu, maana hapo simulizi ya kawaida ina ushahidi wenye nguvu. Ukoo wa Habsburg ulikuwa na matawi mawili, la Madrid na la Vienna, na kwa vizazi kadhaa matawi hayo yaliozana ili urithi usitoke nje. Carlos alizaliwa Madrid tarehe 6 Novemba 1661. Baba yake, Felipe IV, alikuwa mjomba wa mama yake, Mariana wa Austria: alimwoa binti wa dada yake mwenyewe. Kwa hiyo bibi mzaa mama wa Carlos alikuwa pia shangazi yake, na mama yake mzazi alikuwa binamu yake. Tena Mariana hakuchumbiwa kwa ajili ya Felipe. Alikuwa mchumba wa Baltasar Carlos, mrithi wa kiti, na kijana huyo alipofariki mwaka 1646 baba yake, ambaye alikuwa mjane, akaichukua nafasi ya mwanawe. Wote waliohusika walijua walichokuwa wakifanya. Kumwoza binti katika nyumba ya kigeni kulimaanisha kuipa nyumba hiyo madai juu ya nchi nzima nzima, na kumwoza ndani ya ukoo kulizuia madai hayo yasizaliwe. Gharama ya hesabu hiyo ililipwa na watoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela waliochapisha uchunguzi wa ukoo huo mwaka 2009 walikadiria kiwango cha mwingiliano wa damu cha Carlos kuwa 0.254, ambacho ni sawa na cha mtoto aliyezaliwa na kaka na dada wa tumbo moja. Kati ya watoto 34 waliozaliwa katika familia za kifalme za Hispania kuanzia 1527 hadi 1661, watoto 10 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja na 17 kabla ya kufikisha miaka 10. Kaka yake Carlos, Felipe Próspero, alifariki siku tano tu kabla yeye hajazaliwa.

Watafiti hao walipendekeza pia kwamba Carlos huenda alikuwa na maradhi mawili ya kurithi, moja la upungufu wa homoni na jingine la figo. Pendekezo hilo linaelekea kueleza mengi, ila limejengwa juu ya maandishi ya watu wa zama zake, na waandishi hao hawakuwa mashahidi wasio na upande. Mabalozi wa Ufaransa walikuwa na kila sababu ya kuripoti kwamba mfalme yu karibu kufa. Walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30 huku yeye akiendelea kuishi. Simulizi maarufu kuhusu uchunguzi wa maiti yake, kwamba moyo ulikuwa mdogo kama punje ya pilipili na mwilini hamkuwa na hata tone la damu, haiwezi kupokewa neno kwa neno. Mtu mwenye moyo wa namna hiyo haishi siku mbili, sembuse miaka 38. Tunaloweza kulishika ni kwamba alikuwa mgonjwa tangu utotoni, elimu yake ilikuwa haba, alichoka upesi na hakuweza kukaa na makabrasha ya serikali saa nyingi kama babu zake. Hata hivyo aliwinda, alihudhuria ibada na maandamano, alisikiliza mabaraza yake, na inapohitajika alisema hapana. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Sasa tuangalie deni. Felipe II, ambaye hakuna anayemwita dhaifu, alisimamisha malipo kwa waliomkopesha mwaka 1557, akarudia 1575 na tena 1596. Mwanawe Felipe III alifanya hivyo 1607. Felipe IV alifanya hivyo 1627, 1647, 1652 na 1662. Waziri mwenye bidii kuliko wote waliowahi kuitumikia nyumba hiyo, Count-Duke wa Olivares, aliyeshika hatamu kuanzia miaka ya 1620 hadi 1643, alitaka kila nchi ya mfalme ichangie askari na fedha kwa kiwango kilichopangwa. Jibu alilipata mwaka 1640, pale Catalonia na Ureno zilipoasi katika mwaka mmoja. Castilla, moyo wa dola, ilikamuliwa kodi hata vijiji vikahamwa, na serikali ikajaza soko sarafu za shaba ili kuziba pengo. Tarehe 17 Juni 1665 jeshi la Hispania lilishindwa vibaya na Wareno huko Montes Claros; Felipe IV alifariki miezi mitatu kamili baadaye. Hiyo ndiyo hali aliyoachiwa mtoto ambaye bado alikuwa hajajua kutembea vizuri. Ukimpima mrithi kwa ukubwa wa dola ya Felipe II, unamtoza riba ya mkopo ambao hakuukopa.

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki nao waliionja dola hiyo. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 wakati Felipe II, baba wa babu yake Carlos, alipokuwa pia mfalme wa Ureno. Yusuf bin Hasan alipowaasi Wareno mjini Mombasa mwaka 1631, mfalme aliyekuwa juu ya wakuu wa ngome ile alikuwa Felipe IV, baba yake Carlos. Kwa miaka 60, kuanzia 1580, Madrid na Lisbon zilikuwa chini ya taji moja, na maadui wa mmoja wakawa maadui wa mwenzake, jambo lililowapa Waholanzi kisingizio cha kushambulia mali za Wareno katika Bahari ya Hindi. Ureno ilijitoa mwaka 1640, ikapigana miaka 28, na uhuru wake ukakubaliwa kwa mkataba wa Februari 1668. Mkataba huo uliidhinishwa kwa jina la mtoto wa miaka sita, na huhesabiwa kuwa aibu ya kwanza ya enzi ya Carlos. Mimi nauona kuwa uamuzi wa kwanza wa busara wa enzi hiyo. Baba yake alikuwa ameteketeza watu na fedha kwa robo karne akikataa kukiri jambo ambalo kila mtu aliliona. Waomani walipoiteka Fort Jesus mwezi Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa miaka karibu mitatu, hasara ilikuwa ya Lisbon peke yake.

Miaka ya ukaimu ilikuwa na vurugu, na hakuna sababu ya kuipamba. Felipe IV aliacha wosia uliompa mjane wake mamlaka pamoja na kamati ya utawala, lakini Mariana alimwamini zaidi padri wake muungamishi, Mjesuiti Everard Nithard, ambaye wakuu wa Castilla walimchukia kwa sababu alikuwa mgeni. Mwaka 1669 Juan José, kaka yake Carlos kwa baba, aliyezaliwa nje ya ndoa na mwigizaji María Calderón, aliisogelea Madrid na askari akalazimisha Nithard afukuzwe. Akapanda kipenzi mwingine, Fernando de Valenzuela, aliyepewa cheo kikubwa cha ukabaila mwaka 1676 na kufikia Januari 1677 akawa amekamatwa, kisha akapelekwa uhamishoni Ufilipino. Juan José akashika serikali, akamtenga malkia mama huko Toledo, na akafariki mwezi Septemba 1679. Hadithi hii inaweza kusimuliwa kama tamthilia ya jumba lililooza. Lakini tulinganishe na jirani. Louis XIV naye alirithi kiti akiwa mtoto wa miaka minne, naye alikuwa na mama kaimu na waziri mgeni aliyechukiwa, na matokeo yake yalikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Fronde, kuanzia 1648 hadi 1653, vilivyomwaga damu Ufaransa na kuifanya familia ya kifalme ikimbie Paris usiku. Madrid ya Carlos haikufika huko. Mapinduzi yake yalimalizwa kwa barua, vitisho na uhamisho. Kinachozaa vurugu ni mfalme mtoto, awe mzima au mgonjwa, na ufalme wa kurithi hauna dawa ya hilo.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi. Chini ya Carlos, Hispania ilipoteza Lille na miji mingine ya Flanders mwaka 1668, ikapoteza Franche-Comté kwa mkataba wa Nijmegen mwaka 1678, na mwaka 1684 ikaiachia Ufaransa Luxembourg kwa muda. Mwaka 1697 Wafaransa waliiteka hata Barcelona. Je, mfalme imara asingeyazuia haya? Jibu langu ni kwamba mfalme imara alikuwa tayari amejaribu. Ilikuwa ni Felipe IV aliyetia saini amani ya 1659 iliyoikabidhi Ufaransa Roussillon na Artois. Ufaransa ya Louis XIV ilikuwa na watu karibu milioni 20 na jeshi ambalo hakuna nchi moja ya Ulaya ingeweza kulikabili peke yake, na Madrid ya Carlos ililielewa hilo mapema kuliko inavyosifiwa. Mwaka 1673 ilifunga muungano na Waholanzi, watu ambao babu zake Carlos walipigana nao miaka 80. Sicily ilipotishiwa kupotea baada ya mji wa Messina kuasi, aliyekuja kuipigania Hispania alikuwa Michiel de Ruyter, amirali mkuu kuliko wote wa Uholanzi, na alifia huko mwaka 1676 kwa majeraha ya vita. Sicily ikabaki. Naples, Milan, Sardinia na sehemu kubwa ya Flanders zikabaki. Kwa amani ya Ryswick ya 1697 Louis alirudisha Barcelona na Luxembourg. Mwanahistoria Christopher Storrs, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu enzi hii, alichagua kuzungumzia ustahimilivu badala ya anguko, na orodha ya kilichobakia mwaka 1700 inampa haki. Dola isiyo na nguvu ya kushinda ilijifunza kuwafanya wengine waone hasara katika kushindwa kwake. Hiyo nayo ni siasa, hata kama haichongewi sanamu.

Jambo ambalo ningependa lijulikane zaidi ni sarafu. Tangu mwanzo wa karne ya 17 serikali ya Castilla ilikuwa ikitengeneza sarafu za shaba, vellón, ikizipandisha thamani kwa amri pale ilipohitaji fedha za vita na kuzishusha pale kelele zilipozidi. Kufikia mwanzoni mwa 1680 aliyetaka sarafu 100 za fedha halisi alilazimika kutoa zaidi ya 300 za shaba. Mishahara ya wanyonge ililipwa kwa shaba. Wakopeshaji na wafanyabiashara wa nje walidai fedha. Tarehe 10 Februari 1680 ikatoka amri iliyozishusha sarafu hizo thamani kwa ukali ambao haukuwahi kuonekana. Maumivu yalikuwa makubwa. Bei ziliporomoka, akiba za watu wengi ziliyeyuka, maduka yalifungwa, na katika baadhi ya maeneo watu walirudi kubadilishana bidhaa kwa bidhaa. Miaka hiyohiyo tauni ilikuwa ikiranda kusini, mavuno yaliharibika, na mwezi Oktoba tetemeko likaitikisa Málaga. Anayetaka kuonyesha kwamba enzi ya Carlos ilikuwa kiza atachukua mwaka huo, na ataongeza hukumu kubwa ya wazushi iliyofanyika Plaza Mayor ya Madrid tarehe 30 Juni 1680 mbele ya mfalme mwenyewe, ambapo watu walihukumiwa kuchomwa moto kwa ajili ya imani yao. Hilo la mwisho halina utetezi. Lakini kuhusu sarafu, kilichofuata ndicho kinachohesabika: mwaka 1686 thamani ya fedha ikarekebishwa pia, na baada ya hapo Castilla ikawa na sarafu tulivu kwa mara ya kwanza tangu watu wengi walipozaliwa. Wafalme wawili waliotangulia walijua ugonjwa huu na wakaogopa dawa yake. Dawa ilitolewa chini ya mfalme wa miaka 18 anayeitwa mjinga, tena katika majuma ambayo hakukuwa hata na waziri mkuu, maana Juan José alikuwa amefariki na Duke wa Medinaceli aliteuliwa siku chache baada ya amri kutoka.

Medinaceli, na baada yake Count wa Oropesa kuanzia 1685, waliendelea na kazi. Malimbikizo ya kodi ambayo vijiji visingeweza kulipa milele yalisamehewa, baadhi ya kodi zikapunguzwa, na halmashauri ya biashara iliyoundwa mwaka 1679 ikafufuliwa. Amri ya 1682 ikatangaza kwamba kumiliki kiwanda cha nguo hakumwondolei mtu ukabaila wake. Catalonia, iliyokuwa majivu mwaka 1652, ilifikia miaka ya 1680 ikiwa na bandari zenye shughuli na mashamba ya mizabibu yanayopanuka. Ng'ambo ya bahari, sheria za makoloni zilikusanywa na kutangazwa rasmi mwaka 1680 katika vitabu tisa vilivyotumika hadi mwisho wa utawala wa Hispania huko. Utafiti wa Michel Morineau, aliyepekua magazeti ya Kiholanzi ya biashara badala ya kutegemea daftari za forodha zilizojaa udanganyifu, ulionyesha kwamba fedha iliyofika Ulaya kutoka bara la Amerika katika nusu ya pili ya karne hiyo ilizidi hata ile ya siku za Felipe II. Kweli, sehemu kubwa iliishia mikononi mwa wafanyabiashara wa Ufaransa, Uholanzi, Uingereza na Genoa. Lakini hiyo ni habari ya nani alinufaika, na habari hiyo haimhusu mfalme mwenye taya bovu. Na dola hii inayosemwa kuwa maiti ilizidi kuua na kuteka: mwaka 1692 ilianza kurudi New Mexico, ambako watu wa Pueblo walikuwa wameifukuza mwaka 1680, na mwaka 1697 iliuangusha mji wa Waitza, ufalme wa mwisho wa Wamaya. Kwa Wamaya, udhaifu wa Madrid haukuwa na maana yoyote. Kuna pia amri ya Novemba 1693, ambayo kwa nia ya kuwakomoa walowezi wa Kiingereza wa Carolina ilitoa uhuru kwa watumwa wa Kiafrika waliotoroka kwao na kufika Florida, wanaume kwa wanawake. Wahispania hao hao waliendelea kununua watu kwa ajili ya makoloni yao wenyewe.

Msomaji makini atauliza: haya yote aliyafanya Carlos? Hapana, na sijasema hivyo. Yalifanywa na mabaraza, makatibu, makabaila na watawala wa mikoa ambao wangeyafanya au kutoyafanya bila kujali nani amekaa kitini. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Kama hatumpi Carlos sifa ya sarafu ya 1680 kwa kuwa hakuandika amri, hatuwezi kumpa lawama ya Franche-Comté kwa kuwa hakuongoza jeshi. Pale ambapo unyonge wake mwenyewe ulileta hasara panaonekana wazi, nami sitaki kupaficha. Waziri alihitaji mtu wa kumkingia kifua dhidi ya wanaopoteza ulaji, na Carlos alichoka upesi kufanya hivyo. Oropesa alianguka mwaka 1691, na malkia wa pili, Maria Anna wa Neuburg, alikuwa na mkono katika kuanguka huko. Baada ya hapo hakukuwa na waziri mkuu wa kweli kwa miaka kadhaa, na vyeo vikawa bidhaa ya watu waliomzunguka malkia. Oropesa alirudi mwaka 1698, akaondolewa tena baada ya njaa ya mkate kuwaingiza watu wa Madrid mitaani mwezi Aprili 1699. Misamaha ya kodi ya makabaila na kanisa haikuguswa hata kidogo. Mfalme mwenye nguvu angeweza kuigusa; tukumbuke tu kwamba waliomtangulia wakiwa na nguvu hizo hawakuigusa.

Ndipo tunafika kwenye kitanda. Mke wa kwanza, Marie Louise wa Orléans, mpwa wa Louis XIV, aliolewa mwaka 1679 na kufariki 1689 bila mtoto. Wa pili alichaguliwa kwa sababu mama yake alikuwa amezaa watoto wengi, naye hakuzaa. Kufikia 1698 jumba la kifalme lilikuwa limekata tamaa kiasi kwamba padri muungamishi mpya, Froilán Díaz, kwa idhini ya mkuu wa Mahakama ya Uchunguzi wa Imani, aliandikiana na padri mmoja wa Asturias aliyekuwa akiwapunga pepo watawa, ili pepo hao waulizwe kilichompata mfalme. Walijibu kwamba alirogwa mwaka 1675 kwa kikombe cha chokoleti. Kutoka hapo likazaliwa jina lake la utani, El Hechizado, Aliyerogwa. Watu hucheka sehemu hii, lakini ina akili yake ya ndani. Ikiwa amani ya mataifa inategemea mwili wa mtu mmoja, na mwili huo hautii, basi kila mwenye maslahi atautafutia aliyeufunga. Pepo walielekeza kidole kwa mama yake marehemu, kisha kwa malkia, kulingana na nani alikuwa akiuliza. Díaz mwenyewe aliishia kushtakiwa na Mahakama hiyo hiyo, na akafutiwa mashtaka mwaka 1704.

Waliokuwa wakisubiri urithi walikuwa mashemeji. Louis XIV alikuwa amemwoa Maria Teresa, dada yake Carlos kwa baba. Kaizari Leopold alikuwa mjomba wake, na pia aliwahi kumwoa dada mwingine wa Carlos, Margarita Teresa. Maria Teresa alikuwa ameacha haki zake za urithi kwa masharti ya mahari ya escudo 500,000 za dhahabu, na Hispania haikuilipa. Mapema kabisa, Januari 1668, mashemeji hao wawili walikuwa wamekubaliana kwa siri jinsi ya kugawana mali ya kijana aliye hai. Mwaka 1698 Louis na William III wa Uingereza walitengeneza mgawanyo mwingine. Carlos alijibu kwa kumwandikia urithi wote Joseph Ferdinand wa Bavaria, mtoto mdogo wa binti ya Margarita Teresa, ambaye hangetisha mizani ya Ulaya. Mtoto huyo akafa mwezi Februari 1699, na Machi 1700 ukaja mgawanyo mpya. Hapo mfalme mgonjwa alifanya jambo ambalo wasifu wake wa kawaida hauwezi kulieleza. Moyo wake ulikuwa Vienna, kwa ndugu wa mama yake. Mkewe alimshinikiza amchague Archduke Karl, mwana wa Leopold. Ufaransa ilikuwa imemnyang'anya ardhi maisha yake yote. Akaliuliza Baraza la Dola, akawauliza wanatheolojia, akamwandikia Papa Innocent XII. Wengi walimwambia kwamba ni Ufaransa peke yake yenye nguvu za kuzuia dola isikatwe vipande. Mwanzoni mwa Oktoba 1700 akatia saini wosia uliompa kila kitu Philippe wa Anjou, mjukuu wa Louis, kwa sharti kwamba mataji mawili yasiunganishwe kamwe. Wafaransa wakikataa, urithi wote uende kwa Karl. Alifariki tarehe 1 Novemba.

Wengi husema wosia huo ndio ulioleta vita vya miaka zaidi ya kumi. Lakini hapakuwa na karatasi ambayo isingeleta vita. Leopold alikataa mgawanyo wa 1700, kwa hiyo njia hiyo pia ilielekea kwenye silaha, na Wahispania wangepigana bila hata kujua wanalinda nchi gani. Tena mwanzoni mwa 1701 Waingereza na Waholanzi walimtambua Philippe kuwa mfalme. Waliogeuka waligeuzwa na Louis mwenyewe: alihifadhi haki ya mjukuu wake katika kiti cha Ufaransa, akaingiza majeshi katika ngome za Flanders, akalipatia shirika la Kifaransa biashara ya watumwa katika makoloni ya Hispania, na Septemba mwaka huo akamtambua mwana wa James II kuwa mfalme wa Uingereza. Makosa hayo yalikuwa ya mfalme mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake. Mikataba ya 1713 na 1714 iliondoa Flanders, Milan, Naples, Sardinia, Sicily, Gibraltar na Menorca, lakini Hispania na makoloni yake ya ng'ambo zilibaki chini ya mfalme mmoja, na hilo ndilo Carlos alilotaka zaidi.

Nyumba mpya ya Bourbon ilihitaji mtangulizi mweusi ili yenyewe ing'ae, na waandishi wa karne ya 19 waliotaka kuonyesha ubovu wa ufalme wa zamani walimkuta Carlos akiwa tayari amechorwa. Lakini jaribio bora la simulizi hiyo ni mrithi wake. Philippe, aliyetawala kama Felipe V, aliugua majonzi mazito kwa miaka mingi. Kuna nyakati alikataa kuoga na kukatwa kucha, akageuza usiku kuwa mchana, na mwaka 1737 mkewe, Isabel Farnese, akamleta mwimbaji Farinelli ili amtulize kwa nyimbo kila usiku. Januari 1724 alijiuzulu, na mwanawe Luis alipokufa kwa ndui mwezi Agosti akalazimika kurudi. Hakuna anayeiita enzi yake anguko. Vitabu vinaiita mwanzo wa mageuzi, kwa kuwa makatibu wa wizara walichukua kazi za mabaraza ya zamani na serikali ikaenda na mfalme akiwa kitandani. Tofauti nyingine ni kwamba alikuwa na wana. Alipofariki mwaka 1746, Fernando VI alikalia kiti chake na hakuna nchi iliyopeleka jeshi kukigombea.